Kufundisha kwa Setilaiti na Vikasha Vilivyofichwa: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga mawimbi yanayotumiwa na raia ya GPS, mfumo wake wa setilaiti wa kumwonyesha mtu mahali alipo. Hadi hapo ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi, na kipokezi cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Kosa likashuka hadi mita 10 au 20. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatia ndani daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, kisha akatangaza majira yake ya nukta, yaani latitudo na longitudo yake, kwenye intaneti. Siku chache hazikupita, Mike Teague akaifikia ndoo hiyo wa kwanza. Huo ndio mwanzo wa jiokashingi, mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo.

Historia hiyo imebeba somo zima. Setilaiti ya kwanza ya majaribio ya GPS ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ulitangazwa kuwa tayari mwaka 1995, lakini hakuna aliyeficha ndoo. Ilibidi kwanza kosa lipungue kiasi cha mtu kufika karibu na kitu, kisha amalizie kwa macho yake. Mwalimu akilishika jambo hilo, kwamba kinachofundishwa ni kosa, yaani ukubwa wake, chanzo chake na namna ya kulipunguza, ana kazi nzuri ya wiki kadhaa mikononi mwake. Asipolishika, watoto watakimbia uwanjani na simu, watafurahi, na kesho yake hakutakuwa na la kuandika daftarini.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kusaka. Kusaka kunakuja katikati, na kuficha mwishoni.

Hatua ya kwanza: eleza mfumo unavyofanya kazi, kwa kamba na kwa sauti

Setilaiti za GPS huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikimaliza mzunguko kwa muda unaokaribia saa 12. Mfumo ulibuniwa uwe na setilaiti 24, na siku hizi zinazofanya kazi huwa zaidi ya hapo. Kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na simu janja nyingi husikiliza mifumo kadhaa kwa wakati mmoja.

Neno "husikiliza" lisisitize. Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba setilaiti inaiona simu na kuiambia ilipo. Sivyo. Setilaiti hutangaza tu: mimi niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu haitumi chochote juu. Hupokea tangazo, hulinganisha muda, na kupata umbali. Mawimbi husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hutufikia baada ya sekunde 0.07 hivi. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali umeshakosewa kwa mita 300.

Wazo la kupata umbali kutokana na muda ni rahisi kulionyesha. Mpeleke mwanafunzi mmoja mita 170 kutoka kwa wenzake, apige debe kwa mkono ulioinuliwa juu ili wamwone. Watauona mkono ukishuka, kisha sauti itawafikia nusu sekunde baadaye, maana sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Waulize: kama msingemwona, ila mngejua kasi ya sauti na wakati kamili aliopiga, mngeweza kusema yuko mbali kiasi gani? Hapo wameshaelewa nusu ya GPS.

Nusu ya pili ni kamba. Simika vigingi vitatu uwanjani, mbalimbali. Chagua nukta ya siri, pima umbali wake kutoka kila kigingi, na ukate kamba tatu za urefu huo. Mwanafunzi akishika kamba moja na kuivuta ikakaza, anaweza kuwa popote kwenye duara. Akishika mbili, zimebaki nukta mbili tu. Akishika tatu, amefika.

Usiishie hapo, kwa sababu kinachofuata ndicho kitamu kuliko vyote. Ongeza nusu mita kwenye kila kamba bila kuwaambia. Sasa kamba tatu zilizokazwa hazikutani tena kwenye nukta moja. Zinaacha pembetatu ndogo katikati. Waambie kamba zote zimezidi kwa kiasi kilekile, nao watafute kiasi cha kupunguza mpaka zikutane. Wakikipata, wamefanya kazi ileile ambayo simu hufanya kila sekunde. Setilaiti zina saa za atomu, simu haina. Saa ya simu ikikosea, umbali wote unazidi au kupungua kwa kiasi kimoja, na simu hulitafuta kosa hilo mpaka mahesabu yakubaliane. Kwenye uwanja tambarare kamba tatu zinatosha kupata mahali pamoja na kosa la saa. Angani, ambako kuna kimo pia, zinahitajika setilaiti nne.

Kwa wanafunzi wakubwa wa fizikia, ongeza hili: saa za setilaiti, kwa sababu ya kasi yake na ya mvutano hafifu wa dunia kule juu, hutangulia saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Waache wazidishe kwa kasi ya mwanga. Watapata zaidi ya kilomita 11, na wataona kwa nini nadharia ya Einstein imo ndani ya simu wanayoishika.

Hatua ya pili: andaa vifaa na mkubaliane namna ya kuandika nukta

Simu moja kwa kundi la watu wanne au watano inatosha, na hata simu moja kwa darasa zima inafaa ukipanga zamu. Intaneti si lazima. Kipokezi cha GPS hufanya kazi bila laini wala data. Intaneti husaidia tu simu kuzitambua setilaiti haraka. Bila msaada huo, simu lazima isubiri setilaiti zenyewe ziitangazie njia zake, tangazo linalorudiwa kila nusu dakika, na ikiwa imezimwa kwa muda mrefu au imesafirishwa mbali inaweza kuchukua dakika kadhaa. Basi washa simu zote mapema, ziweke mahali wazi penye anga kubwa, ziache zitulie. Kama unataka ramani, pakua kabla: programu kama Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila mtandao na zinatumia ramani za OpenStreetMap, ambazo watu wa kujitolea wamekuwa wakizichora tangu mwaka 2004.

Vingine ni vya kawaida: futikamba au kamba iliyotiwa alama kila mita, dira, karatasi za grafu, filimbi, na penseli (kalamu ya wino huchuruzika daftari likilowa).

Kisha jambo linaloharibu misako mingi kuliko lolote lingine: maandishi ya majira ya nukta. Nukta moja huandikwa kwa namna tatu. Chukua latitudo 4.56789°. Zidisha sehemu ya desimali, 0.56789, kwa 60, upate dakika 34.073, kwa hiyo ni pia 4° 34.073'. Zidisha 0.073 kwa 60 upate sekunde 4.4, ni pia 4° 34' 4.4". Zote tatu ni mahali pamoja. Lakini mtu akisoma 34.073' kana kwamba ni dakika 34 na sekunde 7.3, amehama mita 90 hivi. Akiiandika kama 4.34073°, amehama kilomita 25. Jiokashingi ya kimataifa hutumia namna ya kati, digrii na dakika zenye desimali. Kwa darasa mimi napendelea digrii za desimali tupu, kwa sababu hesabu zinazofuata huwa nyepesi. Lolote utakalochagua, simu zote zipangwe sawa, na programu zote zitumie WGS84, mfumo ambao GPS yenyewe huutumia kuhesabu latitudo na longitudo, na ambao kwa kawaida ndio zilionao tayari. Na alama ya kutoa isisahaulike: kusini mwa Ikweta latitudo ni hasi, magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi.

Tenga kipindi kizima cha kubadilisha namba hizi darasani, kwa daftari na bila simu. Ni hesabu halisi ya desimali na mfumo wa sitini, na mara hii mwanafunzi ana sababu ya kujali jibu.

Hatua ya tatu: pimeni kosa

Chagua nukta moja uwanjani mahali peupe, weka jiwe. Kila kundi lisimame juu ya jiwe hilo, lisome latitudo na longitudo, liandike. Kisha liondoke hatua ishirini upande wowote, lirudi, lisome tena. Rudieni mara kumi. Kuondoka ni muhimu: simu nyingi zikikaa mahali pamoja hulainisha majibu yake, na utadhani hazikosei kabisa.

Sasa chora. Digrii 0.00001 ya latitudo ni mita 1.1 hivi, kwa hiyo mraba mmoja wa grafu uwe 0.00001. Tarakimu za mwanzo hazibadiliki, zipuuzeni. Chora tarakimu tatu za mwisho tu. Kitakachoonekana kwenye karatasi ni kundi la nukta zilizotawanyika kama mbegu zilizomwagwa, na jiwe liko mahali fulani katikati. Tafuteni wastani wa latitudo zote na wa longitudo zote, muweke alama. Wastani huo karibu kila mara uko bora kuliko masomo mengi ya pekee (somo hapa ni namba zilizosomwa mara moja kwenye simu), na huo ndio utetezi mzuri kuliko wowote ninaoujua wa kwa nini tunajifunza wastani.

Rudia zoezi lilelile pembeni mwa ukuta mrefu, halafu chini ya mti wenye majani mazito. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Kando ya ukuta mtawanyiko hupanuka, na mara nyingi huegemea upande mmoja. Waulize kwa nini, kabla ya kuwaambia. Sababu ni mbili: ukuta unafunika nusu ya anga, hivyo setilaiti zinazosikika zimerundikana upande mmoja; na mawimbi mengine hugonga ukuta kwanza ndipo yaifikie simu, yakiwa yametembea njia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Wakikumbuka kamba zilizoongezwa nusu mita, watalifikia jibu wenyewe. Tofauti ni kwamba safari hii kamba moja tu imerefuka, siyo zote kwa kiasi kimoja, na ndiyo maana simu haiwezi kulisahihisha.

Karatasi hizi za grafu zihifadhi. Utazihitaji.

Hatua ya nne: pimeni dunia

Kama una nafasi ya zoezi moja tu katika mwaka, fanya hili. Kutoka jiwe lenu, kundi litembee moja kwa moja kaskazini au kusini, longitudo ikibaki ileile, mpaka latitudo ibadilike kwa 0.001°. Lisimike kigingi. Kisha wapime umbali huo kwa futikamba, ardhini, mita kwa mita. Watapata kitu kinachokaribia mita 111.

Digrii 360 zina vipande 360,000 vya 0.001°. Zidisha. Mita 111 mara 360,000 ni kilomita 39,960. Mzingo halisi wa dunia kupitia nchani ni kilomita 40,008. Watoto wenye futikamba wameipima sayari yao kabla ya mapumziko, na nyuso zao zitaonyesha kwamba wanajua uzito wa walichofanya.

Majibu yatatofautiana, na hiyo ni baraka. Kundi lililopata mita 105 litakuwa na dunia ya kilomita 37,800. Lililopata 118, dunia ya kilomita 42,480. Rudini kwenye karatasi za grafu: kosa la mita 5 kila upande wa mita 111 linaeleza tofauti hizo vizuri kabisa. Tafuteni wastani wa makundi yote. Uwanja ukiwa mfupi, tumieni 0.0005°, ambayo ni mita 55 hivi, na kuzidisha kwa 720,000. Lakini watake waseme mapema jibu litakuwa bora au baya zaidi. Kosa la simu ni lilelile, umbali ni nusu, kwa hiyo kosa la jibu linakuwa maradufu. Mwanafunzi anayeweza kusema hivyo kabla ya kupima amejifunza sayansi.

Kutokana na mzingo, gawanya kwa mara mbili ya pai, upate nusu kipenyo kinachokaribia kilomita 6,370. Na kwa somo la historia: miaka ya 1790 wanasayansi wa Ufaransa waliamua kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Ndiyo maana mzingo wa dunia unakaribia sana kilomita 40,000 kamili.

Kisha waende mashariki au magharibi kwa 0.001° ya longitudo. Karibu na Ikweta umbali ni uleule. Katika latitudo ya 60° ni nusu yake, kwa sababu mistari ya longitudo hukutana nchani. Kanuni ni kuzidisha kwa kosaini ya latitudo. Wadogo waonyeshe kwenye tufe au hata kwenye chungwa lililochorwa mistari.

Mkiwa na namba hizi, umbali kati ya nukta mbili hupatikana bila simu. Karibu na Ikweta, tofauti ya latitudo ikiwa 0.00027° na ya longitudo 0.00036°, zidisha kila moja kwa 111,000: mita 30 na mita 40. Kwa Pythagoras, mita 50. Toa maswali kadhaa ya namna hii, kisha wayahakiki kwa miguu.

Hatua ya tano: tengeneza msako

Sasa wako tayari kusaka. Chagua vituo sita au saba ndani ya eneo la shule, au katika uwanja wa wazi ulioombewa ruhusa. Viache mita 30 au zaidi kati yake. Katika mchezo wa kimataifa vikasha hutakiwa kuachana kwa mita 161 angalau, lakini hilo ni kwa ajili ya eneo kubwa. Shuleni cha muhimu ni duara la kosa la kituo kimoja lisiguse la kingine. Epuka kona za kuta, umeshaona kwa nini. Nukta ya kila kituo ipate kwa wastani wa masomo kadhaa, siku mbili tofauti ukiweza, kwa sababu mpangilio wa setilaiti angani hubadilika.

Vikasha viwe vya plastiki angavu vyenye mfuniko unaobana, vimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni vya somo la shule. Chombo kisichoonekana ndani kilichofichwa kichakani huwatia watu hofu, na kuna mahali polisi waliitwa kwa sababu hiyo. Ndani weka kijitabu cha kusaini, penseli, na swali. Usiweke chakula: kinaita wadudu na wanyama. Usifukie. Kitu kikifunikwa kwa majani makavu au kikiwekwa nyuma ya jiwe kinatosha.

Swali ndilo moyo wa kituo. Majira ya kituo kinachofuata yatolewe yakiwa na tarakimu mbili za mwisho zilizofichwa, AB, na jibu la swali lizitoe. Kama kituo kiko kwenye ngazi, A iwe idadi ya vidato. Kama kiko kwenye mti, B ipatikane kwa kupima mzingo wa shina kwa sentimita na kugawanya kwa pai, kisha kuchukua tarakimu ya mwisho ya namba nzima, bila desimali. (Hilo la mti lifanye kwa wakubwa tu, kwani kipimo kikiyumba kidogo tarakimu hubadilika, au weka wazi wakadirie mzingo hadi sentimita kumi za karibu kabla ya kugawanya.) Wasakaji wa kimataifa wana desturi nzuri ya kutoa jumla ya tarakimu zote za majira ili mtu ajihakiki kabla ya kuondoka. Iige. Kundi lililokosea hesabu litagundua likiwa bado limesimama pale, na litarudia hesabu badala ya kurandaranda.

Vituo vipangwe duara, cha mwisho kielekeze kwenye cha kwanza, na kila kundi lianzie kituo tofauti. Bila hivyo makundi yatafuatana na la pili halitasoma namba yoyote. Litatazama migongo ya wenzake.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Gawa kazi: mmoja anasoma kifaa, mmoja anaandika, mmoja anashika dira na kuhesabu hatua, mmoja anaangalia njia na usalama. Kila kituo, zamu zibadilike. Usiposimamia hili mwenye simu atabaki na simu, na kwa kawaida atakuwa yuleyule mwenye simu nyumbani.

Wafundishe kanuni moja ya kusaka: ikibaki mita kumi, weka simu mfukoni. Mshale wa kwenye kioo utaanza kuzunguka ovyo, na atakayeufuata atazunguka nao. Hapo mko ndani ya duara la kosa, simu haina la kuongeza. Simameni, tazameni, jiulizeni: mtu angeficha wapi hapa? Nini kimekaa isivyo kawaida? Huu ndio wakati ambao mtoto asiyependa hesabu mara nyingi huongoza kundi.

Dira ya simu ikionyesha pande zisizoaminika, izungushwe hewani kwa umbo la nane. Dira ya kawaida ishikwe mbali na simu na vyuma. Wakubwa wajue pia kwamba dira huelekea kaskazini ya sumaku, ilhali ramani imechorwa kwa kaskazini halisi, na tofauti kati ya hizo hutegemea mahali ulipo.

Usalama usemwe kwa maneno machache na urudiwe: hakuna kuingiza mkono kwenye shimo au ufa usioonekana ndani, tumia kijiti kwanza. Hakuna kupanda ukuta, paa wala mti, kwa hiyo wewe pia usifiche huko. Hakuna kutembea macho yakiwa kwenye kioo; anayesoma asimame, anayetembea atazame mbele. Mipaka ijulikane, filimbi tatu maana yake kila mtu arudi. Mlinzi, mtunza bustani na majirani waarifiwe siku moja kabla.

Usishindanishe kwa muda. Hilo najua walimu wengi hawakubaliani nalo, lakini kundi linalokimbia huruka kuandika, na bila maandishi hakuna cha kujadili. Toa alama kwa usahihi wa hesabu, kwa namba zilizoandikwa vizuri, na kwa kikasha kurudishwa kama kilivyokutwa.

Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu asiachwe akiwa mtunza saa. Mchezo wa kimataifa hupima kila kikasha kwa namba mbili, ugumu wa kukitafuta na ugumu wa ardhi, kuanzia 1 hadi 5, na ardhi ya 1 maana yake kiti cha magurudumu kinafika. Angalau njia moja nzima ya msako wako iwe ya namba 1, na kundi zima liifuate.

Hatua ya saba: wao ndio wafiche

Kupata kikasha kunapima kama mwanafunzi anaweza kufuata namba. Kuficha kunapima kama namba zake zinaweza kuaminiwa na mtu mwingine, na hilo ni jambo zito zaidi. Kila kundi lipewe kikasha kitupu na majukumu haya: lichague mahali, lieleze kwa maandishi kwa nini pale panafaa na ni salama, lichukue masomo kumi, lichore mtawanyiko, litoe wastani, litunge swali, na lipange ugumu wa kikasha chake kwa ile mizani ya 1 hadi 5. Kisha kundi jingine likitafute bila msaada.

Likishindwa, makundi mawili yakae pamoja na karatasi zao. Je, wafichaji walisoma kando ya ukuta? Je, waliandika dakika mahali pa desimali? Au watafutaji walisahau alama ya kutoa? Mazungumzo haya, nikilazimika kuchagua, ningeyachukua badala ya msako wenyewe.

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia kwa nguvu. Kila kikasha kiwe na dokezo, na dokezo liwe kitendawili kipya walichokitunga wao, kisichofahamika mitaani. Kundi linaweza kuandika: "Jua langu, mvua yangu, nimeshika kitambaa, upepo ukija napunga." Aliye na masikio atatazama mlingoti wa bendera. Kutunga kitendawili chenye jibu moja tu, kinachoficha bila kudanganya, si kazi ndogo, wape muda.

Kuna namna nyingine isiyohitaji kikasha kabisa. Tangu mwaka 2004 kuna aina ya vituo viitwavyo EarthCache, ambapo mtu hufika mahali na kujibu maswali kuhusu miamba, udongo au maji yaliyopo. Kwa masomo ya jiografia na sayansi namna hii ni bora, hasa mahali ambapo kuacha chombo hakuruhusiwi: tabaka za udongo kwenye kingo ya mtaro, mmomonyoko chini ya bomba la paa, upande wa mti wenye kuvu. Majira yanawafikisha, macho yanajibu.

Kuhusu faragha na kujiunga na mchezo wa kimataifa

Somo hili lina upande ambao mwanafunzi ataubeba kila siku ya maisha yake. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kuhifadhi majira ya mahali ilipopigwa. Onyesha mfano kwa picha ya jiwe lenu la uwanjani, kisha waelekeze jinsi ya kuzima ruhusa ya mahali kwenye kamera. Baada ya kupima kosa wenyewe, wanajua kwamba mita tano zinatosha kutambulisha nyumba.

Kwa sababu hiyohiyo vikasha vya darasa vibaki vya darasa. Usivitangaze mtandaoni, na majina ya watoto yasiandikwe vijitabuni. Jina la kundi linatosha. Ukitaka waonje mchezo wa kimataifa, tumia akaunti yako mwenyewe, tembelea kikasha kwanza peke yako uone njia na mahali, ndipo uwapeleke. Kanuni zake wazijue: ukichukua kitu kidogo kutoka kikashani unaacha chenye thamani ileile au zaidi, unasaini kijitabu, unarudisha kila kitu palepale, na hufanyi hivyo mbele ya wapita njia wasiojua.

Baada ya msako

Kusanya vikasha vyote siku hiyohiyo, uvihesabu kabla na baada. Jiwe la uwanjani liache. Andika kwenye daftari la darasa wastani wa majira yake, idadi ya masomo, aina za simu, hali ya hewa, na jibu mlilopata la mzingo wa dunia. Darasa litakalofuata lipime jiwe lilelile kabla ya kuonyeshwa namba za waliotangulia, kisha masomo yote yajumlishwe na wastani utafutwe upya.